Roka katika Kitambaa Cheupe

Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2011, katika mashindano ya pikipiki yaliyofanyika kwenye barabara iliyonyooka kusini mwa mji wa Tulungagung, kisiwani Java, valvu ya kutolea moshi ya pikipiki nambari 27 ilikatika shingo. Hilo limethibitishwa: kichwa cha valvu kilikutwa kimezama katika pistoni, na wote waliokiona, marafiki kwa mahasimu, wanakubaliana juu yake. Mengine yaliyosemwa siku ile na siku zilizofuata yamebaki na pande mbili, na kila upande una wenyewe.

Aliyekuwa juu ya pikipiki hiyo ni Pandu Wiratmo, kijana wa miaka ishirini na miwili. Injini ilipogoma ghafla na kulishika gurudumu la nyuma, alirushwa mbele kama gunia, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Aliyekata kemshafti iliyokuwamo katika injini ile ni Tukijan, mume wa shangazi yake, fundi aliyejulikana mjini kwa jina la Pak Jan, yaani Bwana Jan. Kila kemshafti iliyotoka mikononi mwake aliigonga herufi tatu kwenye ncha: TKJ. Watu walizoea kuziangalia herufi hizo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Jioni ya Jumapili ile zilikuwa zimekwisha kugeuka tusi.

Pak Jan hakuwa uwanjani. Habari aliletewa na mkewe, Lasmi, aliyeingia karakana akihema, kilemba mkononi.

"Pandu kaanguka. Wanasema ni kemshafti yako."

"Roka zikoje?" akauliza.

Lasmi alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Mguu wa mtoto umevunjika vipande, na wewe unauliza roka?"

"Nauliza kwa sababu najua nilichokitoa humu ndani!"

"Hujui kitu. Hata jina la hospitali hujaniuliza."

Swali lile la roka lilizunguka ukoo mzima kabla ya Pak Jan kufika hospitalini, na lilimgharimu zaidi ya valvu yenyewe. Lakini mwenye kulielewa swali hilo lazima kwanza aielewe kazi yake, na hasira iliyokuwa ikimchemka tangu siku za nyuma.

Tukijan alizaliwa mwaka 1954 katika kijiji kilichopakana na kiwanda cha sukari. Baba yake alikata miwa. Yeye alikata chuma. Aliingia karakana ya kiwanda akiwa mfagiaji, akapanda hadi mashine ya kerezo, kisha hadi mashine ya kusaga mihimili ya pampu. Mabwana wa kiwanda walipopunguza wafanyakazi, alinunua mashine kuukuu ya kusagia, akaifunga kwenye kibaraza cha nyumba yake, na kwa miaka kadhaa akaishi kwa kunyoosha mihimili ya mashine za kukobolea mpunga. Vijana wa pikipiki ndio waliomfuata. Mmoja alimletea kemshafti akataka iwe kali zaidi; wa pili akamsikia wa kwanza akipita barabarani; baada ya hapo kibaraza hakikukauka wateja.

Kemshafti ni mhimili mfupi wenye nundu mbili. Nundu husukuma roka, mkono mfupi wa chuma unaobembea juu yake, roka husukuma valvu, na valvu ndiyo mlango wa injini: mmoja wa kuingizia hewa na mafuta, mwingine wa kutolea moshi. Urefu wa nundu huamua mlango ufunguke kiasi gani. Upana wake huamua mlango ukae wazi muda gani. Vijana walitaka mlango mkubwa ulio wazi wakati wote, kama nyumba yenye arusi, na Pak Jan aliwachapa maneno.

"Mlango ukikaa wazi mno, wageni wanatoka kabla ya kula," aliwaambia. "Pikipiki yako itaimba mizunguko ikiwa juu, lakini ukiwa taratibu haitakuvusha hata daraja. Wewe ni mkimbiaji au unampeleka mama yako kliniki?"

Kuhusu urefu alikuwa mkali zaidi. Chuma hakiongezwi kwa jiwe la kusagia. Jiwe linajua kupunguza tu. Anayetaka nundu ndefu hukatiwa mgongo wa kemshafti, ule upande wa chini, ili nundu ibaki imesimama juu zaidi. "Sikupandishii mlima," alikuwa akisema, "nakuchimbia bonde." Tatizo ni kwamba kiwandani chuma kile hupikwa uso tu. Ngozi yake ngumu ni nyembamba kama ukoko wa wali, na anayechimba mno huuvuka ukoko akakutana na wali wenyewe. Tena valvu inayopanda juu zaidi kwa muda uleule haina budi kupanda na kushuka kwa kasi zaidi. Ili isirushwe ikaelea hewani, hufungwa springi ngumu. Springi ngumu huikandamiza roka juu ya nundu. Na hapo chuma huanza kula chuma. Kwa hiyo Pak Jan alijiwekea mpaka: milimita tisa za mwinuko, basi.

Alikuwa na sharti jingine, na kwa sharti hilo alikuwa hana masihara. Kemshafti mpya ilitoka kwake pamoja na roka mpya, au roka zilizosagwa uso upya. Roka hukariri nundu iliyoishi nayo. Huchimbika kidogo kidogo kulifuata umbo lake, kama kizingiti kinavyochimbika kwa nyayo za wenye nyumba. Ukiitia kwenye nundu nyingine, haikai. Hugusa kwa kingo mbili tu, na kingo hizo huwa patasi.

Sharti hilo liligongana na imani ya watu wake mwenyewe. Tulungagung, kama kwingineko Java, kitu kilichowahi kuleta ushindi hakitupwi. Kris ya babu, lile jambia la kurithiwa, hufungwa kitambaa cheupe, huwekewa maua usiku wa kuamkia Ijumaa, na kila mwaka mwezi wa Suro, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kijava, huoshwa kwa maji ya ndimu. Mafundi wa pikipiki waliichukua desturi hiyo wakaihamishia kwenye injini. Pistoni iliyoshinda, kabureta iliyoshinda, hata nati iliyoshinda, ilifungwa kitambaa ikahifadhiwa. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa hilo. Suroso, shemeji yake Pak Jan na mwenye timu ya pikipiki nambari 27, alikuwa na roka mbili zilizoshinda mara tatu mfululizo katika injini ya zamani. Zilikaa kabatini kwa mama yake, Bibi Kasinah, kando ya kris ya marehemu mumewe.

Suroso alikuwa mfanyabiashara wa marumaru, mtu wa sauti na kicheko. Pak Jan alimzidi umri kwa miaka saba. Lakini Suroso alikuwa kaka mkubwa wa Lasmi, na katika ukoo wa Kijava mume huhesabiwa kwa ngazi ya mkewe. Kwa hiyo mwenye mvi alimwita asiye na mvi "kaka", akazungumza naye kwa lugha ya adabu, akainama kidogo alipompita ameketi. Na asiye na mvi akamjibu kwa lugha ya kawaida na kumwita "mdogo wangu", na mwanawe akamwita "baba mdogo". Wengi huishi na jambo hilo bila kulihisi. Pak Jan alilihisi kila siku, kama kokoto ndani ya kiatu.

Mwezi wa Julai mwaka ule Suroso alifika kibarazani pamoja na mwanawe Pandu, mkononi ana kemshafti mpya ndani ya sanduku lake.

"Mdogo wangu Jan, safari hii nataka kumi."

"Tisa, Kaka. Unajua kwangu ni tisa."

"Tisa za nini? Za kubebea mboga sokoni?"

"Za kufika mwisho wa barabara."

"Watu wa Kediri wanakimbia na kumi."

"Na wanabadilisha kemshafti kama soksi, Kaka. Waulize wanatupa ngapi."

Suroso alicheka, akamgeukia mwanawe. "Unaona? Mkono ukizeeka, mdomo ndio unaonolewa. Baba yako mdogo jiwe linamtetemekea, hataki kusema."

"Baba, mwache," Pandu alisema kwa sauti ya chini. "Tisa inatosha. Nimeshinda na tisa."

"Nyamaza wewe. Naongea na fundi, kama bado ni fundi."

Walikuwapo vijana wengine wawili kibarazani wakisubiri zamu, nao walitazama chini. Pak Jan aliisikia damu ikimpanda masikioni. Hakuweza kumjibu shemeji yake kwa lugha aliyoitaka, maana lugha ile ya adabu haina matusi ya kutosha. Aliichukua kemshafti kutoka mikononi mwa Suroso.

"Nitakukatia kumi, Kaka. Lakini roka mpya. Zile za kitambaa nikizisikia hata harufu karibu na kemshafti hii, nitaivunja kwa nyundo mbele yako."

"Zile zimelala kwa mama, zinaota ndoto na kris," Suroso alisema, akacheka tena. "Kazi yako ni kusaga."

Alisaga. Alifanya kazi hiyo akiwa na hasira, jambo ambalo kwa desturi yake hakulifanya. Siku za kukasirika alinoa visu vya majirani tu. Alipanua nundu kidogo ili valvu ikae wazi muda mrefu zaidi, akachimba mgongo hadi mwinuko ukafika kumi. Mwisho akachukua tupa nyembamba, akaipitisha kwenye ubavu wa nundu ya kuingizia hewa. Tupa iliteleza, haikung'ata, ukoko ulikuwapo. Akaipitisha kwenye nundu ya kutolea moshi. Hapo tupa ilisita. Haikung'ata, lakini ilisita. Pak Jan alisimama na tupa mkononi kwa kitambo. Kisha, huku kicheko cha Suroso kingali masikioni, akagonga herufi zake tatu.

Baada ya ajali alikwenda uani kwa Suroso kesho yake asubuhi. Injini ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Jambo hilo lenyewe lilimtia kichaa, kwa sababu tangu njiani alikuwa na ombi moja tu, ifunguliwe mbele ya mashahidi. Darsono, makanika wa timu, alikuwa akisafisha vipande kwa petroli, na juu ya meza, juu ya gazeti, zilipangwa pistoni iliyopasuka, valvu mbili, na roka mbili zinazong'aa.

Pak Jan aliinua roka moja, akaigeuza. "Hizi zimetembea wapi?"

"Kwenye injini, Pak," alisema Darsono bila kuinua macho.

"Zimetembea kwenye sanduku lake. Tazama hapa kwenye tundu la pini. Grisi ya dukani bado imo, hata vumbi haijapata. Darsono, mimi ni mzee, si kipofu."

"Mimi nasafisha ninachoambiwa nisafishe, Pak."

"Umeambiwa na nani?"

Darsono aliendelea kusugua. Wakati huo Suroso aliingia kutoka hospitalini, macho mekundu, shati lile lile la jana.

"Mwanangu ametiwa vyuma mguuni," alisema, "na wewe umekuja kupekua takataka zangu?"

"Nataka roka zilizokuwamo, Kaka. Hizo nyingine."

"Hakuna nyingine! Umesaga chuma mpaka ukafika kwenye uji, sasa unatafuta wa kumpaka." Aliichukua kemshafti juu ya meza, akamrushia kifuani. "Chukua uji wako. Upeleke nyumbani ukaule."

Pak Jan aliidaka. Akageuka, akaondoka nayo. Alipofika kibarazani aliifuta kemshafti na kuiweka kwenye mwanga. Nundu ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa kingo zote mbili, mifereji miwili iliyokwenda sambamba kama njia ya mkokoteni, na katikati chuma kilikuwa kizima, bado kina mikwaruzo ya jiwe lake mwenyewe. Roka mpya, yenye uso uliokamilika, huisugua nundu upana wote. Ni roka iliyochimbika katikati tu inayoweza kula kingo na kuiacha katikati. Nafasi kati ya roka na valvu ilikuwa imepanuka kadiri kingo zilivyolika. Valvu ikawa inabamizwa kwenye kiti chake kama mlango wa mwenye hasira, hadi shingo ikachoka. Aliyaona yote hayo katika vile vijistari viwili, wazi kama nyayo kwenye tope. Na hakuwa na namna ya kumwonyesha mtu yeyote, kwa kuwa roka yenyewe hakuwa nayo.

Mji ulikwisha kuamua. Kwenye kibanda cha kahawa karibu na stesheni, ambako mafundi huketi wakipaka machicha ya kahawa kwenye sigara zao kwa kijiti, mmoja alimpokea kwa kijiko mkononi.

"Pak Jan, nisagie hiki. Kina mwinuko mdogo, sukari haifiki."

"Mwache," mwenzake alisema, "atakusagia mpaka kikose mpini."

Walicheka. Pak Jan aliitoa kemshafti mfukoni, akaipiga juu ya meza hata vikombe vikaruka.

"Haya, mafundi wa vijiko! Nani kati yenu anaweza kuniambia roka gani inakula namna hii? Tazameni! Au mmezoea kutazama machicha tu?"

Mmoja wao aliinama, akatazama kweli, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Suroso alikuwa mtu wa kudhamini mashindano. "Kila mtu ana ushahidi mfukoni mwake, Pak," alisema mwishowe, kwa upole ulioumiza kuliko dhihaka. Pak Jan aliondoka bila kunywa. Miezi ile miwili hakuna kemshafti iliyoletwa kibarazani. Alirudi kwenye mihimili ya mashine za mpunga.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Lasmi alishinda hospitalini, akirudi alipika na kunyamaza. Mara moja tu walizungumza hasa.

"Zimo kwenye kabati la mama yako," Pak Jan alisema. "Ziliondoka na zikarudi. Nenda ukatazame, mimi siwezi kufungua kabati lile."

"Usimtaje mama."

"Sijamtaja yeye. Nimetaja kabati."

"Ni mtoto wa kaka yangu aliye kitandani. Unataka nikapekue kabati la mama ili wewe uwe safi?"

"Ndiyo! Ndiyo, nataka niwe safi. Kuna ubaya gani mtu kutaka kuwa safi?"

Lasmi aliondoka kwenda hospitalini. Lakini mwezi wa Suro ulipoingia, mwishoni mwa Novemba, na ukoo ulipoitwa kwa Bibi Kasinah kuosha urithi, alimtandikia mumewe nguo za heshima kitandani. "Utakuja," alisema. "Utakaa nyuma. Utanyamaza."

Walikusanyika asubuhi, kwenye mikeka, katika ukumbi ulio wazi wa nyumba ya Bibi Kasinah. Uji wa Suro ulikuwa umekwisha kupakuliwa. Pandu alikaa kwenye kiti peke yake, magongo yakimwegemea, amekonda. Pak Jan alikaa nyuma, mahali pa mume wa binti mdogo, na katika mfuko wa koti kemshafti ilimlemea kama jiwe. Bibi Kasinah, mwanamke mdogo mkavu aliyepita miaka themanini, alitoa kris, akaichomoa, akaisugua kwa ndimu iliyokatwa, akaimwagia maji ya maua. Zikafuata ncha mbili za mikuki. Kisha akachukua kifurushi kidogo cheupe.

"Mama," Suroso alisema haraka, "hakuna haja ya kuosha hizo mwaka huu."

Bibi Kasinah aliinua uso. Watu wote waliinua nyuso. Kwa miaka yote roka zile zilikuwa zikioshwa, na mwenye kusisitiza zioshwe alikuwa ni Suroso mwenyewe.

Pak Jan alisimama. Anayepita mbele ya wakubwa walioketi huinama, mkono wa kulia ukitangulia chini. Hata mlevi katika mji ule hukumbuka kufanya hivyo. Yeye alipita kati ya wakwe zake amenyooka kama nguzo, hatua kwa hatua, na minong'ono ikakatika nyuma yake.

"Jan," Bibi Kasinah alisema, "keti."

"Nimeketi karibu miaka thelathini, Mama."

Alikifungua kifurushi kwa mikono yake. Roka moja ilikuwa imeingia rangi ya buluu kwenye uso wake, rangi ambayo chuma hupata kikiungua kwa msuguano. Buluu hiyo haikuwapo mwaka uliotangulia. Waliohudhuria mwaka huo waliziona roka zikioshwa kwa macho yao. Akaitoa kemshafti mfukoni, akaiegemeza roka juu ya nundu iliyolika. Kingo za roka ziliingia katika mifereji miwili, zikakaa kimya, bila kucheza.

"Haya, Suroso," alisema. Hakusema kaka. Wala hakutumia lugha ya adabu. Alisema kwa lugha ambayo mtu humwambia mwenziwe wa kijiweni. "Njoo utazame uji wangu."

Mtu mmoja alivuta pumzi. Suroso alibadilika rangi.

"Unazungumza na mimi hivyo? Mbele ya mama?"

"Nazungumza hivyo na mtu aliyenivalisha jina la muuaji. Nani aliziweka?"

"Sikuziweka mimi!"

"Basi zilitembea? Zilishuka kabatini zikapanda basi?"

"Nimesema sikuziweka! Muulize Darsono! Muulizeni..." Suroso alimtupia mwanawe jicho, na jicho hilo kila mtu aliliona. Pandu alikuwa akitazama magongo yake.

"Nyamazeni wote wawili," Bibi Kasinah alisema. Alikusanya mikono yake iliyonuka ndimu juu ya paja. "Zilitoka kwangu. Aliyeziomba nilimpa kwa mkono huu, nikamwombea. Zikarudi kwa mkono ule ule, nikazipokea. Niliona zimeungua. Sitamtaja. Nilidhani namkinga mtoto."

Lasmi alikuwa akilia bila sauti. Pak Jan alikuwa amesubiri saa hii kwa wiki nyingi, ameipanga hadi maneno, na sasa ilipofika aliona hasira yake imesimama peke yake katikati ya ukumbi, haina pa kwenda. Ndipo Pandu alipozungumza, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Baba mdogo. Roka zingekuwa mpya, ningefika mwisho?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi. Kina Suroso walikuwa wamekwisha kuinama. Ukoo mzima ulikuwa tayari kulipokea na kulipeleka mjini kabla ya adhuhuri. Pak Jan aliitazama kemshafti mkononi, kisha mguu wa kijana, na akili yake ilikuwa kwenye ile tupa iliyosita.

"Ungefika mbali zaidi," alisema. "Mwisho, sijui. Ilikuwa kumi. Kumi sikupaswa kukata, na nilikata kwa hasira."

"Mnasikia!" Suroso aliruka. "Mwenyewe amekiri!"

"Nyamaza, Baba," Pandu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. "Mimi ndiye niliyeuliza, si wewe."

Habari ilitoka ukumbini kama maji yanavyotoka kwenye jaruba, ikaingia kila kibanda cha kahawa. Ilitoka nzima, yaani roka za kitambaa na milimita kumi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo Pak Jan hakupata ushindi aliouwazia. Wengine walisema amesafika. Wengine walisema kuwa mtu aliyekiri mbele ya wakwe zake bila kulazimishwa ndiye wa kumpelekea kazi. Wapo waliosema ni mjinga, alikuwa na neno moja la kusema akalikosa. Wateja walirudi kidogo kidogo kuanzia mwaka uliofuata, na aliwatesa vile vile: roka mezani, springi mezani, tisa basi. Aliyetaja kumi alionyeshwa njia. Hasira haikumtoka. Iliacha kuchemka, ikabaki moto wa makumbi, na yeyote aliyelitaja jina la Suroso kibarazani alijua ameukanyaga.

Kwa Suroso hakurudi kutumia lugha ya adabu hadi leo. Wakikutana misibani, huzungumza naye kama mtu wa rika, na Suroso hujifanya hakusikia. Lasmi alichukua miaka miwili kumsamehe, na anasema hakumsamehe lile la roka na hospitali, amelizoea tu. Pandu anachechemea. Alifungua duka la vipuri, na kemshafti zenye herufi TKJ ndizo alizozipanga mbele, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akieleza kwa nini. Pak Jan aliacha kusaga mwaka 2017, macho yalipomkataa.

Bibi Kasinah alifariki mwaka 2014 bila kumtaja aliyeziomba roka. Darsono alihamia Kalimantan. Alipopatikana kwa simu alisema anakumbuka petroli na gazeti, hakumbuki kingine. Suroso anakana. Pandu hukana au hunyamaza, kutegemea siku. Kemshafti yenyewe ipo, kwa Pak Jan, na ugumu wa ubavu wa nundu ile ungeweza kupimwa kwa mashine katika chuo cha ufundi kwa muda usiozidi wa kunywa chai. Alipoombwa ruhusa ya kuipima, alikataa mara mbili, mara ya pili kwa ukali.

Haijulikani ni nani aliyezifunga roka zile katika injini nambari 27. Wala haijulikani kama kemshafti ile, ikiwa na roka mpya, ingefika mwisho wa barabara.